Nilivyotaka kuuza ndege yangu ya gemu Migori, soko likanigomea

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioamka na mnaojifanya mmelala huku mkisoma nyuzi.

Mimi ni Odhis, mkazi wa Migori mjini. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, na dada yangu Akoth yumo humu jukwaani kwa jina ambalo sitalitaja. Nikiongeza chumvi atakuja kunirekebisha, tena bila huruma.

Kisa ni cha gemu la ndege.

Kwa wasiolijua, hili si lile la kutungua ndege kwa makombora. Hili unarusha ndege kama rubani wa kweli. Unawasha injini, unaomba ruhusa ya mnara, unapaa, unakwenda, unatua. Ukikosea unaanguka, na hakuna kinachokufa isipokuwa heshima yako.

Akoth ana cyber, duka la intaneti, pale mjini. Alinipa kona ya nyuma, nami nikaunda chumba cha rubani. Kiti kilitoka kwenye lori lililokwisha kazi. Usukani wa ndege na pedali za miguuni nilinunua mtumba. Skrini tatu zikazunguka kama vioo vya mbele. Nilipomaliza nilikaa pale nikajiangalia kwenye kioo cha simu, nikajisalimia kwa kupeleka mkono kwenye kofia kama rubani. Cheka tu, na wewe ungefanya hivyo hivyo.

Tena nikafanya jambo moja ambalo mpaka leo naliringia. Kwenye gemu, upande wetu huu ulikuwa nyasi tupu. Watengenezaji wake hawakuwa na habari kwamba Homa Bay ipo. Basi nikakaa na kompyuta miezi na miezi, nikachora kiwanja cha ndege cha Kabunde, kilima cha Asego, ufuo wa ziwa, mbuga ya Ruma na twiga wake, milima ya Gwasi hadi Magunga. Nikaweka hata mabati ya masoko.

Mwanzoni watu walijaa. Alikuwepo jamaa mmoja, Chacha, alikuwa anashuka kutoka Kegonga siku za soko, anapeleka ndege Mwanza, anavuka mpaka huku anapiga makofi kwamba leo hakuna wa kumuuliza kitambulisho.

Lakini mimi nilikuwa na sheria zangu. Kwenye kona ile ilikuwa kimya kama kanisani. Unavaa headphones. Mnara unaongea nao kwa Kiingereza cha marubani. Ukicheka, nakutazama. Niliona hiyo ndiyo heshima ya kazi.

Wakuu, kidogo kidogo watu wakaanza kupotea.

Sababu zipo nyingi. Toleo jipya la gemu likataka kompyuta yenye nguvu kuliko zetu zote. Kila wiki linapakua vitu, bundles za intaneti zinakwisha kama maji kwenye mchanga. Halafu kuruka Migori hadi Nairobi kwenye gemu ni muda ule ule wa ndege ya kweli. Unapaa vizuri, halafu unakaa. Unaangalia mawingu. Unaangalia mawingu tena.

Na kona ya pili ya cyber kulikuwa na gemu la mpira. Wawili wanacheza, kumi wanapiga kelele. Hata Chacha nikamkuta huko siku moja, anashangilia goli la mtu asiyemjua.

Nikaingia kwenye grupu letu la marubani wa gemu Kenya. Zamani lilikuwa linachemka, watu wanabishana kuhusu upepo na namna ya kutua. Sasa kila ujumbe ni wa kuuza. Huyu anauza usukani, yule anauza pedali, mwingine anauza kila kitu pamoja na meza. Wauzaji watupu, mnunuzi hayupo. Angani mtandaoni nilikuwa peke yangu na jamaa mmoja wa Eldoret, na huyo naye alikuwa ameacha ndege ijiendeshe akaenda kukamua ng'ombe.

Akoth akaniita.

"Odhis, hiyo kona nataka. Nataka kuweka mashine ya picha za passport. Watu wa vitambulisho wananiuliza kila siku."

"Dada, nipe muda kidogo. Watarudi."

"Nani atarudi? Jana kuku wa jirani amelala kwa hiyo kiti na hukuona. Uza hiyo kitu, mtoto wa mama. Mwisho wa mwezi nataka hapo peupe."

Sikumlaumu. Cyber ni yake, na kuku ni kweli alilala. Lakini niliumia, wakuu. Nyumbani sina nafasi hata ya kabati. Nikitoa ndege pale, imekufa.

Nikatangaza kuuza. Acheni niwaambie kuhusu soko la vifaa vya gemu la ndege katika kaunti zetu.

Wa kwanza alitaka kubadilishana na mbuzi, na mbuzi mwenyewe alikuwa bado hajazaliwa.

Wa pili, mama fundi wa nguo, aliuliza kama pedali zinaingia kwenye cherehani. Nikamwambia hapana. Akaniuliza kwa hasira kwa nini basi ninaziita pedali.

Wa tatu aliomba picha, nikatuma, akajibu "poa" na hajaongea tena hadi leo.

Ndipo akapiga simu Owiti, kinyozi wa Oyugis. Huyo alikuwa na nia kweli. Lakini alitaka kiti tu.

"Hiyo kiti iko na shingo poa. Mteja analala nyuma, namnyoa ndevu. Hizo zingine sitaki."

Nikakubali. Akoth akanipa masharti: nisibakize hata waya. Kwa hiyo siku ya kupeleka kiti nilipakia kila kitu kwenye pickup ya rafiki, nikisema labda vilivyobaki nitavitupia fundi yeyote wa TV huko Oyugis. Njia nzima nilikuwa nageuka nyuma kuangalia turubai, kama vile nimebeba mgonjwa.

Oyugis ilikuwa siku ya soko. Duka la kinyozi la Owiti linatazamana na wauza nguo, lina TV kubwa ukutani, spika mbili mlangoni na maiki ya kuitia wateja. Tukashusha kiti. Owiti akakaa, akajizungusha, akaridhika. Kisha akaona usukani kwenye pickup.

"Omera, ndugu yangu, na hiyo ni ya nini?"

"Ya ndege."

"Ndege gani? Hebu washa tuone."

Sikutaka. Nilikuwa nimeshaiaga. Lakini wateja wawili wenye nywele nusu nusu nao wakasema washa, basi nikafunga usukani mbele ya kiti, nikaunganisha kompyuta na ile TV ya ukutani. Nikamweka Owiti Kabunde, ndege ikiwa tayari mwanzo wa barabara.

Owiti akainama mbele kuelekea TV.

"Hapa si Kabunde?"

"Ni Kabunde."

"Na hiyo ni Asego? Asego yetu?"

Nikamwonyesha namna ya kupaa. Ndege ikanyanyuka, inayumba, mabati ya Homa Bay yakapita chini na ziwa likafunguka mbele. Watu wakaanza kusimama mlangoni. Na hapo Owiti akafanya jambo ambalo katika miaka yote ya kona yangu hakuna aliyewahi kulifanya.

Alizima muziki, akachukua maiki.

Wasio wa kwetu niwaeleze. Sisi Wajaluo tuna pakruok. Watu wakiwa kwenye sherehe, mtu anasimamisha muziki, anajisifu yeye na wake, anataja kwao, anataja rafiki zake, watu wanaitikia, halafu muziki unaendelea. Si majivuno. Ni namna ya kusema nipo, na nilikotoka kunajulikana. An ni mimi, wuod ni mwana wa, nyar ni binti wa.

Owiti akasema, sauti ikatoka kwenye spika hadi kwa wauza nguo:

"Simamisha soko! An Owiti, wuod Kasipul! Mkono mmoja unanyoa, mkono mmoja unaruka! Nawasalimia mashemeji wangu wa Rangwe, mnaniona juu ya nyumba yenu? Kuku zenu naziona!"

Wakuu, soko lilipasuka kwa kicheko. Watu wakaacha kununua nguo.

Mimi sasa, mtu wa heshima ya kazi, nikaanza kumshika mkono. "Owiti, mnara haujakuruhusu. Huongei hivyo ukiwa hewani." Hakuna aliyenisikia. Akaendelea kuwasalimia mashemeji mpaka akaipeleka ndege ziwani, ikazama na sifa zake zote. Kelele zilizopigwa pale sikuwahi kuzisikia hata kwenye kona ya mpira.

Na papo hapo wakaanza kugombania kiti. Fundi viatu akaruka, akamsifu mke wake, akaangukia Kendu Bay. Mwalimu mmoja akapaa vizuri kabisa, akasahau kuangalia mbele kwa sababu alikuwa bado anataja majina ya wanafunzi wake waliofaulu.

Ndipo akaja Mama Sabina, anayeuza maharagwe kando ya kinyozi. Mtu mzima, kitambaa kichwani, mikono bado ina vumbi la magunia. Akasimama mbele yangu.

"Wuoda, mwanangu, hiyo ndege yako inafika Magunga?"

"Inafika, Mama."

"Mimi sijui kuendesha. Wewe endesha, mimi nibebe. Nataka kuona kwetu."

Nikakaa kwenye kiti. Yeye akasimama pembeni, maiki mkononi. Nikapaa Kabunde taratibu, nikaiacha Homa Bay nyuma, nikapita chini chini juu ya Ruma. Watu wakawaona twiga, wakawahesabu kwa sauti. Milima ya Gwasi ikaja. Nilipofika Magunga nikazungusha ndege polepole kama ninavyojua mimi, bila kuyumba.

Mama Sabina akanyoosha kidole kwenye mlima mmoja. Halafu akainua maiki.

"An Sabina, nyar Magunga. Baba yangu alikuwa anachunga pale, chini ya hiyo mlima. Mume wangu Okelo alinitoa hapo nikiwa msichana, akaniambia, siku moja nitakurudisha na ndege, mpaka watu wa kwenu watoke nje. Okelo hayuko. Lakini ametimiza. Watu wa kwetu, tokeni nje!"

Soko likaitikia. Wengine walicheka, wengine walifuta macho, yeye alifanya yote mawili.

Mimi nililia, sitaficha. Milima ile niliichora peke yangu kwa miezi, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniomba nimpeleke. Kumbe nilikuwa nimewavalisha wote headphones.

Tulipotua nikamwambia Owiti siuzi tena.

"Hauuzi nini? Kiti ulishaniuzia."

"Kiti chukua. Ndege narudi nayo."

"Unarudi nayo wapi?"

Nikaangalia pickup. Kona ya Akoth ilikuwa peupe, pengine mashine ya picha ilishaingia. Owiti akanishika bega.

"Odhis, na mimi hiyo kiti bila ndege nitafanyia nini sasa? Hawa watu wataniua. Wacha ikae hapa. Ni yako. Lakini ikae hapa."

Nikaiacha. Niliporudi Migori na pickup tupu moyo uliniuma, nisiseme uongo. Akoth aliniona uso, akanipikia kuku. Sijauliza ni kuku yupi.

Ni majuma kadhaa sasa. Owiti amebadilisha kibao: KINYOZI NA NDEGE. Wanaongea na mnara kwa Kijaluo, na mtandaoni watu wengine wameanza kuuliza ni nani hao wanaojisifu hewani. Juzi mtu wa kwanza kabisa aliniomba nimuuzie ramani yangu ya Kabunde. Wa pili akataka nimchoree Kegonga. Siwadanganyi kwamba gemu limefufuka. Grupu letu bado ni la wauzaji, na toleo jipya bado linakula bundles. Lakini Oyugis ndege haipati hata dakika ya kupumzika.

Nilichojifunza ni hiki: mimi nilidhani watu wamechoka na gemu, kumbe walichoka kucheza huku wamekatazwa kuwa wao. Kama una kitu unakipenda na watu wanakikimbia, kabla ya kukiuza, kipeleke mahali penye kelele ukae pembeni uone watakavyokishika. Unaweza kukasirika kwanza. Mimi nilikasirika.

Leo ni Jumamosi, nimekuja Oyugis. Niliingia moja kwa moja nikaelekea kitini, si ndege ni yangu? Mama Sabina akanizuia na kikombe chake cha kupimia maharagwe mkononi.

"Wuoda, kuna foleni."

Ndiyo maana nimepata muda wa kuandika uzi huu. Niko kwenye benchi, mbele yangu yupo mzee mmoja na bwana harusi aliyekuja kunyolewa. Mnaokaa na gemu lililowafia mikononi, hebu semeni hapa lilikufa vipi, na nani mlimnyima maiki. Wenye pedali za kuuza, yupo mama fundi wa nguo, bado ana hasira.

Mzee ameanguka ziwani. Bwana harusi ameghairi, bibi harusi anampigia simu. Owiti amezima muziki na ananinyooshea maiki, soko zima linaniangalia, na mimi maisha yangu yote sijawahi kujisifu hata mara moja mbele za watu.

Nitaanza na jina la mama yangu.