Maziwa ya Jua

Siku bwana wa reli alipotoa ruhusa ile, wanawake walimpigia vigelegele. Kila mama anayebeba udongo wa tuta la reli atamlaza mwanawe bandani pale Nkuhungu, kwa bibi Raheli. Chuma kikigongwa, aende akanyonyeshe. Mlangoni pakachomekwa kijiti, pembeni pakawekwa jiwe, la asubuhi upande huu, la alasiri upande ule. Kivuli cha kijiti kikigusa jiwe, mama awe ameondoka.

Batuli, aliyetoka Kolo kumfuata mumewe Athuman, alishukuru kuliko wote. Athuman alikuwa mbele huko na wakata miti, wiki hata mbili hawaonani. Hassani wao alikuwa na miezi mitano, mikono imejaa vipingili vya unono.

Mwanzoni alivuka kichaka kimoja tu kumfikia. Alifanya kama alivyofundishwa na mamaye: aliyetoka juani hanyonyeshi papo hapo. Hukaa kivulini hadi jasho likauke, akakamua maziwa ya kwanza mchangani, ndipo ampe mtoto. Maziwa ya jua humdhuru.

Lakini tuta halikai mahali pamoja. Kila kapu alilomwaga Batuli lilimsogeza mbali na mwanawe. Banda likabaki Nkuhungu, kijiti na jiwe vile vile.

"Haya, swala wa Kolo!" wenzake walimtania akiwapita mbio. "Kaza mwendo, bwana mdogo ana njaa!"

Wao walinyonyesha na jasho lao. Batuli hakuthubutu. Alifika anatweta, akakaa apoe, na kivuli nacho kinatembea. Hassani akipata mafunda matatu, manne, bibi Raheli anasema, "Kimefika, mwanangu." Siku nzima mtoto akashinda kwa uji mwepesi wa uwele. Vile vipingili vikaisha.

Batuli akamwendea msimamizi, Bartolomayo.

"Kaka, tusogezeeni banda."

"Mama Hassani, ningekuwa na uwezo ningelibeba kichwani. Bwana alisema litasogezwa tukivuka korongo."

"Korongo si tumeshalivuka?"

Bartolomayo akatazama chini. "Nitamkumbusha."

Siku moja asubuhi Batuli alimkuta mtoto hana hata sauti ya kulia. Hakukaa. Hakukamua. Alimweka kifuani vile vile, jasho likimtiririka, na Hassani akanyonya, akanyonya, akalala. Batuli alirudi kazini anacheka peke yake.

Chuma kilipogongwa alasiri, bibi Raheli alikuwa amesimama mlangoni, mikono mitupu.

"Nimemuua," Batuli alisema. "Nimempa maziwa ya jua."

"Ni njaa, mwanangu. Njaa ya siku nyingi. Si wewe."

Hakusikia.

Wiki iliyofuata wanaume wanne walilibeba paa la banda, wakalisimika karibu kabisa na tuta, kijiti na jiwe mlangoni kama zamani. Chuma kikalia. Batuli akajikuta ameshatua kapu, miguu inakwenda. Akaketi kivulini. Jasho likakauka. Akakamua mchangani.

Mtoto wa mwenzake alikuwa analia, mama yake hajafika. Bibi Raheli akamleta.

"Mpe huyu, mwanangu. Yamekujaa."

Batuli akajifunika kaniki yake hadi shingoni.

"Hapana, bibi. Yangu yanaua."

Akainuka, akarudi kwenye kapu lake. Kivuli kilikuwa bado mbali na jiwe.