Mikono ya Simai

Simai Kificho, mtu wa Mkokotoni, kazi yake ilikuwa kupaka grisi minyororo ya winchi za kunyanyulia mizigo bandarini Malindi, Unguja. Anaikwangua kutu kwa brashi ya waya, anaiosha chumvi kwa maji ya bomba, anaianika ikauke, ndipo anaipaka grisi ya moto, pingili moja moja. Ukiimwagia maji yanateleza kama juu ya jani la jimbi.

"Mnyororo wangu haujui maji," akijisifu.

Mwaka hamsini na nne, tumekaa baraza ya msikiti tunangoja alasiri, kaja Simai anatia udhu na mikono myeusi. Na mie ulimi wangu ndio huu.

"Simai, na mikono yako je, inajua maji?"

"Nshaiosha, Matar."

"Grisi ya winchi hiyo, haitoki kwa sabuni. Maji hayafiki kwenye ngozi, udhu huna. Huna udhu, huna sala. Miaka kumi na moja ya kazi hii unainama na kuinuka bure."

Baraza nzima ikacheka. Simai akamgeukia Abrahman, muosha maiti wetu, ambaye kasoma kidogo.

"Ni kweli?"

"Ikiwa imeganda juu ya ngozi, lazima itoke," akasema Abrahman. "Weusi peke yake haudhuru."

Simai alishika lile la mwanzo tu.

Tangu siku hiyo ikawa mafuta ya taa na mchanga, mara tano kwa siku. Mkewe, Mwanakheir, akanijia kwangu: mikono imechanika hata kumega muhogo hawezi. Nikamfuata Simai bandarini.

"Sheikh, nlikuwa nnakutania."

"Wewe unatania," akasema, hajaacha kupaka. "Mie ntaulizwa."

Mchanga nao akauona hautoshi. Akachukua brashi yake ya waya, ile ile ya kukwangulia kutu, akajisugua nayo mpaka damu. Hazikupita wiki mbili, taya zikakaza. Hospitali wakasema pepopunda. Siku ya nne akafa, na meno yamebanana hata shahada tulimtamkia sisi.

Abrahman ndiye aliyemuosha. Alipotoka nikamuuliza, sijui kwa nini, mikono ameikutaje.

"Safi," akasema. "Grisi hakuna hata chembe. Ngozi pia hakuna."

Nikaenda kushika jeneza, upande wa nyuma. Mwanakheir alikuwa dirishani. Alinitazama mpaka jeneza likapita, na baraza nzima siku hiyo hakuna aliyenitania.