Mkono wa Kushoto

Daktari aliniuliza natumia mkono gani, nikamwambia yote miwili. Akacheka kidogo, akadhani sijaelewa. "Mama, nauliza, unakula na mkono gani?" Nikamwambia wa kulia. Basi akaandika kwamba atapasua wa kushoto, kwa sababu huo hauna kazi nyingi. Hauna kazi! Huyo mtu anakunywa chai kila siku na hajui inavyochumwa. Kwenye majani hakuna mkono wa akiba. Mmoja ukizubaa, wenzako wamefika mwisho wa shamba na wewe bado unahangaika katikati. Lakini sikubishana naye. Nilikuwa na mpira shingoni, na mtu mwenye mpira shingoni hana maneno mengi.

Mpira huo ndio uliokuwa ukitoa damu yangu kuipeleka kwenye mashine na kuirudisha ikiwa safi, tangu presha iharibu figo zangu. Ulikuwa wa muda tu. Uchafu ukiingia hapo, homa inaweza kukumaliza kabla ya figo. Nilikuwa naoga kwa woga, na mvua yetu ya mchana niliikimbia kama mbuzi. Njia nzuri zaidi ilikuwa kushona mishipa miwili ya damu pamoja ndani ya mkono, mmoja unenepe hadi uweze kuchomwa sindano za mashine. Wakati mwingine mshipa unakubali, wakati mwingine unaziba. Mama mmoja niliyekuwa nikikaa naye viti vya jirani pale kwenye mashine, wake ulikuwa umeziba mara mbili, akabaki na mpira wake. Siku moja nikakuta kiti chake kina mtu mwingine.

Sitaki mtu afikiri nalalamika. Baba yangu hakupata hata huo mpira. Alipoanza kuvimba miguu mimi nilikuwa msichana wa shule, na mashine za figo zilikuwa habari za Nairobi, kitu cha kusikia kwa redio. Alipewa dawa za kukojoa, akapewa za tumbo. Jirani mmoja akaleta mizizi, mwingine akanong'ona kwamba amerogwa. Mwishowe daktari mmoja akamwambia ukweli: mashine ipo, lakini haiko huku kwetu. Baba akamshukuru, akarudi nyumbani Roret, akawa anakaa nje akitazama watu wakipeleka majani kupimwa. Hakumaliza msimu. Mimi naenda kwenye mashine asubuhi na jioni niko jikoni kwangu. Nikilifikiria hilo naumia hadi leo.

Kidonda cha mkono kilipopona, sista wa pale kwenye mashine alichukua vidole vyangu akaviweka juu ya kovu. Ndani kulikuwa kunavuma, kama mzinga wenye nyuki.

"Hiyo sauti ndiyo maisha yako sasa," akasema. "Isikilize kila asubuhi. Usiulalie huu mkono, usibebe kikapu nao, usivae saa, na mtu asikupime presha hapo. Ikinyamaza, njoo mbio."

Nikaulinda huo mkono kuliko nilivyowahi kulinda mtoto mchanga. Ng'ombe nilimpitia awe upande wangu wa kulia, asije akaugonga. Kitandani nilimhamisha mzee wangu, mstaafu wa kiwanda cha chai, upande mwingine, akanung'unika akahama.

Halafu Jumapili moja akina mama wa kanisa wakaja kuniombea. Siwezi kuwasema vibaya. Wiki yote hiyo walikuwa wamenichumia majani bila kuombwa, wakayapeleka kupimwa, na hakuna jani lililokataliwa. Walipika chai yao wenyewe, wakanitilia kikombe kilichojaa, nikanywa mafunda machache kama nilivyoruhusiwa, maana figo mbovu hazitoi maji, wakatazamana. Kisha wakasimama wakanizunguka, kila mmoja akaniwekea mkono. Kiongozi wa kwaya, mwanamke mwenye nguvu za kupasua kuni, akaukamata mkono wangu wa kushoto palepale penye kovu.

"Mama, si huo," nikamwambia polepole.

Akafikiri ni maumivu yanatoka. Akakaza. Maombi yalivyopanda ndivyo alivyozidi kufinya, na jinsi nilivyojivuta ndivyo alivyonifuata, macho ameyafumba, jasho linamtoka. Nikapiga kelele: "Niachie mkono wangu, wewe!" Nusu yao wakasema amina.

Walipoondoka niliweka vidole kwenye kovu. Kimya. Nikaweka sikio. Sikusikia chochote ila moyo wangu unavyodunda. Nikamwita mzee wangu, akatoka mbio kutafuta pikipiki, lakini mvua ilikuwa imeshaanza, na barabara yetu ikilowa hakuna anayethubutu kuishuka. Akarudi ametapakaa matope hadi magotini. Nikamwambia nimekwisha. Nilimwambia hivyo hivyo, na nikalia, mimi ambaye sikulia hata nilipowekwa mpira.

Akapiga magoti kando ya kiti, akaweka sikio juu ya mkono wangu. Akakaa hapo muda mrefu.

"Iko," akasema. "Inavuma."

"Kweli?"

"Si nimekuambia inavuma? Kula, ulale. Kesho tutaenda."

Nikala. Nikalala fofofo.

Asubuhi barabara ilikuwa imekauka kidogo, tukafika mapema. Yeye akabaki nje, hapendi kuona damu. Nilipomsimulia maombi ya jana, sista akaweka vidole kwenye kovu, akakunja uso. Akachukua kifaa chake cha kusikilizia, akakiweka hapa, akakisogeza pale. Nilikuwa nahesabu vigae vya ukutani nisimtazame usoni.

"Imefifia sana," akasema, "lakini iko. Mungu anakupenda, mama. Huyo mtu asikushike tena."

Nikatoka kumtafuta mzee wangu. Alikuwa amesimama kando ya ua, kofia mkononi, na kabla sijafika akaanza kunitazama kama mtu anayengoja kuhukumiwa.

"Ulisikia vizuri," nikamwambia kwa sauti, maana kwake lazima upaaze. "Iko. Inavuma."

Akakaa chini palepale kwenye nyasi zenye maji, akajifunika uso kwa ile kofia.

"Sikusikia kitu," akasema. "Miaka yote ile kwa mashine za kiwanda, haya masikio yatasikia nini? Nilitaka tu ulale."