Mabawa Mawili Katika Mshale Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa gunia la manyoya nikaambiwa nichague, na hakuna aliyeniambia nichague nini. Hapo ni Ngenge, kijiji chetu cha ujamaa kikiwa bado kipya. Nguruwe pori walikuwa wanamaliza muhogo wa shamba la kijiji, kwa hiyo kamati ikaunda kikosi cha wawindaji. Mimi, kwa kuwa nilijua kusoma, nikawa fundi mishale. Kusoma na mishale wapi na wapi? Msiniulize, wanangu, hata leo sijaelewa.

Aliyenifundisha ni Ta Ishengoma, mwindaji mkubwa wa kikosi. Sisi Wahaya mtu mzima tunamwita "Ta" kwa heshima, naye alistahili. Alichomoa unyoya guniani, akaupitisha mdomoni, akautupa.

"Wa kuku huu. Ukinyeshewa unalala. Tafuta wa kanga, au wa tai ukibahatika."

Kisha akanionyesha kiini cha kazi yenyewe. Unyoya wa bawa la kushoto umepinda kivyake, wa kulia kivyake. Mshale hubeba manyoya matatu mkiani, yamegandishwa kwa ulimbo na kufungwa kwa uzi wa kano, na yote matatu sharti yatoke bawa la upande mmoja. Hapo mshale unajizungusha hewani na kwenda ulikotumwa. Ukichanganya, yanavutana, mshale unayumba kama mlevi.

Nikaelewa, nikafurahi. Lakini furaha haikudumu. Akaja Bwana Nyama kutoka Bukoba, ndivyo tulivyomwita ofisa wa wanyamapori, akasema tai asiguswe, tutumie kanga. Mwezi haujaisha, akaja Bwana Shamba akasema kanga wanakula wadudu waharibifu, waachwe, tutumie kuku. Mawe, mama yangu! Nikabaki na kuku wangu, na Ta Ishengoma ananitazama kana kwamba nimemtukana.

Halafu akaingia Katibu Kata. Alinikuta nimetandika mafungu mawili juu ya mkeka.

"Ndugu, hii nini?"

"Waitu, Ndugu Katibu," nikajibu kwa heshima ya Kihaya, "haya ni ya kushoto, yale ya kulia."

"Kwa nini yametengana?"

"Mshale mmoja unabeba ya upande mmoja tu."

"Katika kijiji cha ujamaa? Bawa moja lifanye kazi, jingine likae linatazama? Huo ni unyonyaji! Changanya. Kila mshale upate pande zote mbili."

Nilicheka nikidhani ananitania. Hakuwa anatania. Nilimwogopa, ndiyo, lakini niseme ukweli: alizungumza vizuri mno hadi nikaanza kujiuliza kama Ta Ishengoma ndiye aliyekosea miaka yote. Nikachanganya. Ta Ishengoma sikumwambia. Niliona aibu, nikajidanganya kwamba pengine itakwenda tu.

Siku ya msako mbwa waliwafukuza nguruwe kutoka kwenye matete. Ta Ishengoma alipiga goti kwenye upenyo, mimi nyuma yake, na podo la mishale yangu likiwa begani mwake. Akatoka dume, anakuja moja kwa moja. Ta Ishengoma akachomoa mshale, akavuta upinde, akaachia. Mshale ulikwenda vizuri hadi nusu ya njia, kisha ukapinda ukaingia nyasini. Nguruwe akamfikia na kumchana paja. Tulimbeba kwa machela, damu inatutiririkia mikononi.

Kamati ilipomuuliza, alijibu, "Mkono wangu uliteleza." Mimi nilinyamaza. Nilinyamaza, wanangu! Usiku huohuo nilifumua mishale yote nikaifunga upya, bawa kwa bawa. Nguruwe wakaanza kufa, na Katibu Kata akasimama mkutanoni kusifu faida ya kuchanganya. Nikapiga makofi pamoja na wengine.

Baadaye nilihamishiwa Nshamba, kisha Bukoba, kwenye vikosi vingine vya kulinda mashamba. Kila mkuu alikuwa na unyoya wake anaoupenda, nami nilijibu "ndiyo" kwa wote na kuchagua nilivyofundishwa. Ta Ishengoma hakuwinda tena. Alitembea kwa fimbo.

Nilipostaafu, kabla ya kuhamia Ijuganyondo, nilipanda hadi kwake Ngenge na ndizi na kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi. Nilimweleza yote, kichwa chini.

"Nilijua," akasema. "Vidole viliniambia nilipouchomoa tu."

"Sasa kwa nini uliupiga?"

"Wewe ulikuwa nyuma yangu. Ningeutupa mbele ya watu, wangekufukuza siku ileile."

"Kwa paja lako, Ta?"

"Aa, paja! Nilidhani nguruwe yuko karibu vya kutosha, mshale umpate kabla haujayumba." Akacheka mpaka akakohoa. "Nilikosea hatua kumi."

Nikaangua kilio pale barazani, mtu mwenye wajukuu. Vijana wakija kuniuliza unyoya upi unafaa, nawajibu bila kusita. Lakini mtu aliyejua mshale ni mbovu akauachia ili mimi nisipoteze kazi, huyo sijui nimweke wapi. Siku ile nilitaka kumshukuru, nikataka kumgombeza, vyote viwili kwa pamoja. Alichofanya yeye ni kusukuma kibuyu upande wangu na kusema, "Kunywa, fundi."