Theluthi ya Shangazi

Kaa karibu, msomaji, nikueleze polepole, maana hata sisi tuliokuwapo tulilielewa jambo hili tumechelewa.

Shangazi yangu, dada wa baba, hakujaaliwa mtoto. Alikuwa na nyumba ya kuezekwa makuti Bagamoyo mjini, na shamba la minazi Mlingotini. Nyumba aliwafungulia bibi wazee wasio na watu. Asubuhi walikuja na mikongojo yao, wengine kutoka Kaole, wakanywa uji wa tui, wakasuka mikeka uani na kuusengenya mji mzima. Wachache walilala humo humo. Mimi nilikuwa nimeolewa mtaa wa pili, nikija kukuna nazi.

"Uji huu leo umewapikia kuku?" aliniuliza mmoja wao.

"Nyamaza, shoga," mwenzake akamjibu. "Jino huna hata moja, ulitaka upikiwe mfupa?"

Shamba ndilo lililoilisha nyumba. Lilitoa nazi za uji na makuti ya paa, na nazi zilizobaki ziliuzwa ili ipatikane sukari.

Kisha shangazi akaugua, akawa hainuki. Alasiri moja alimwita baba, mdogo wake, pamoja na majirani wawili. Wazee wakajipanga mlangoni.

"Ndugu yangu, nyumba na shamba nimeviweka wakfu kwa hawa. Umesikia?"

"Nimesikia, dada. Nimeridhia."

"Haya, sasa tusitangulie kufa sisi tukavikosa!" alisema bibi mmoja, na shangazi akacheka mpaka akakohoa. Hakuifikia Ijumaa.

Matanga yalipokwisha, baba na majirani walikwenda kwa kadhi kuthibitisha wakfu. Nami nilikwenda, nikakaa nyuma. Tulidhani ni kazi ya salamu tu.

Kadhi alitufafanulia, nami nakufafanulia wewe. Mtu akiwa mzima hutoa mali yake kadiri apendavyo. Lakini akitoa akiwa katika ugonjwa uliomuua, kile alichotoa huhesabiwa kama wasia, na wasia haupiti theluthi ya mali yake ila mrithi akiridhia zaidi. Mrithi alikuwa baba peke yake.

"Lakini aliridhia, sheikh," jirani akasema. "Tulimsikia kwa masikio yetu."

"Aliridhia lini?"

"Marehemu akiwa kitandani."

"Siku ile hakuwa amerithi kitu, mwenye mali alikuwa hai. Ridhaa yenye nguvu ni ya baada ya kifo." Akamgeukia baba. "Sasa, unaridhia?"

Baba alivua kofia, akaiweka gotini. Tulijua sote kwamba wanawe, kaka zangu, hawakuwa na ardhi ila kipande cha mihogo Kerege, na mihogo yenyewe ilikuwa ya nguruwe zaidi kuliko yao.

"Nyumba, naam," alisema. "Shamba... nina watoto, sheikh."

"Ni haki yako."

Walipokadiria, thamani ya nyumba ilikaribia ile theluthi, basi ikawa wakfu. Shamba likawa la baba. Nilingoja hasira inipande, haikupanda. Nilirudi nyumbani nikachagua mchele, nikaitazama mikono yangu ikichagua kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Kesho yake niliwaeleza wazee.

"Nyumba ni yetu?"

"Ni yenu, bibi. Hakuna wa kuwatoa."

"Na nazi?"

"Nazi ni za baba."

"Haya. Tutakunywa uji mkavu." Wakaendelea kusuka. Hakuna aliyelia.

Mwanzoni baba alileta nazi, akaleta na makuti. Baadaye alileta mara moja moja, kisha kaka zangu wakalishika shamba na hakuna aliyeleta. Masika yalipoingia, paa lilivuja. Wazee walihamishia mikeka pembe ya kulia, kisha ya kushoto, kisha hapakuwa na pembe kavu. Wa Kaole wakaacha kuja. Waliokuwa wakilala pale walichukuliwa na majirani, mmoja mmoja, na huko kwao wakafia.

Nyumba ni wakfu mpaka leo, haiuzwi wala hairithiwi. Ukumbi wake umeota nyasi. Nikikutana na baba humwambia shikamoo, naye huitika marahaba, tukazungumza habari za mihogo.

Basi nawe, ukiwa na kitu unachotaka kiwafae wazee, kitoe ungali unakwenda sokoni kwa miguu yako. Ita mashahidi, tamka, na ufunguo uukabidhi siku hiyo hiyo. Na ukiwa mrithi uliyeridhia kando ya kitanda cha mgonjwa, usitosheke na hapo. Baada ya maziko, simama mbele ya mashahidi wale wale, useme mara ya pili: nimeridhia.