Mgeni Asiyeandikishwa kwa Balozi

Saa kumi na mbili asubuhi, Nyasho, mjini Musoma. Wenceslaus Masatu ameziba dirisha kwa gunia. Sikio moja lina kisikilizio. La pili ameliachia mlango. Kidole chake kinagonga swichi ya shaba aliyoichonga mwenyewe. Mlio mfupi, mlio mrefu, herufi baada ya herufi.

Fundi redio huyu, mzaliwa wa Mugango, ana leseni ya redio ya ridhaa. Anazungumza hewani na watu wa nchi za mbali, kwa kujifurahisha tu. Mtambo wake unaenea kwenye kopo la mafuta ya kupikia, unakula betri za tochi, na nguvu yake haizidi ya taa ya baiskeli.

Kwa nini asitafute mkubwa?

"Mwenye mkubwa anapigaga kelele, lazima asikike," anasema. "Mimi nanong'ona. Sasa mtu wa Bulgaria akinijibu, ujue huyo amenitegea sikio kweli. Raha yake, we acha tu!"

Raha hiyo ilimponza mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi. Nyumbani kwake, kila mtu mpya aliyempata hewani aliitwa mgeni. Basi mkewe, Ursula, akinunua samaki wadogo wa furu sokoni, akawaambia wenzake kwa furaha kwamba mumewe kapata mgeni wa Bulgaria.

Na mgeni sharti aandikishwe kwa balozi wa nyumba kumi. Jioni hiyo balozi Burito akaja na mgambo. Walichungulia uvunguni, wakamwaga hata mahindi ya kwenye gunia.

"Mgeni yuko wapi?"

Walikuwa wamemkuta Masatu akiwa hewani. Akampachika balozi kisikilizio.

"Anasema nini?"

"Anauliza niko mji gani. Nilikuwa namjibu, nimefika M, U, S."

Ukweli huo ndio uliomchongea. Balozi aliona adui anaelekezwa njia. Masatu akawekwa ndani mpaka leseni yake ilipothibitishwa Dar es Salaam.

"Gari likisimama tu, nilikuwaga nasema wanamhamisha, simwoni tena," anasema Ursula. "Na ni mdomo wangu."

Sasa ni mwaka 1988. Betri zimejaa madukani, na Burito mwenyewe huleta redio yake itengenezwe. Hofu haijahama. Tangu siku ile Masatu hajataja mji wake hewani. Akiulizwa, hugonga "ziwani".

Anapanga kujenga Butiama, kwa shemeji yake Wanzagi, asimamishe nguzo ya waya wa kunasia mawimbi mchana kweupe, kila mtu aione.

"Lakini kwanza nimalize lile neno," anasema.

Anasikiliza. Mtu wa mbali anauliza alipo. Masatu anaanza. M. U. S.

Nje kuna hatua. Kidole kinaganda. Mlango unasukumwa.

Ni Ursula, ndoo ya maji kichwani.

Masatu anarudi kwenye swichi, lakini kisikilizio kimebaki kimya. "Ameondoka," anasema.

Ursula anatua ndoo. Anafunga mlango, anauegemea kwa mgongo.

"Mwite tena, baba Helena," anasema. "Mimi niko hapa."