Wimbo Nilioanzisha Juu

Niliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa letu Maisaka kwa miaka kumi na minne. Baada ya kupasuliwa goita shingoni, sauti ya juu ikaanza kunikimbia. Nikipanda, inakatika. Mwalimu wa kwaya akaniambia mbele ya wenzangu nihamie sauti ya pili. Sehemu niliyokuwa naimba peke yangu kwenye wimbo wa mavuno akampa binti mmoja kutoka kijiji cha Nakwa, mwalimu wa chekechea, ambaye hakuwa na hata miezi mitatu kwenye kwaya.

Nilimchukia. Alipanda kule juu bila kukunja uso, na akimaliza alinitazama kana kwamba anasubiri nimsifu. Sikumsifu hata siku moja.

Jumapili ya mavuno umeme ukakatika, kinanda kikanyamaza. Bila kinanda, wimbo huanzishwa kwa mdomo, na kazi hiyo mwalimu alikuwa ameniachia mimi. Nilijua tulipozoea kuanzia. Nikaanzia juu zaidi, makusudi. Wenzangu wakafuata. Mwalimu alinikazia macho, lakini angetusimamishaje mbele ya kanisa zima?

Ubeti wa tatu ukamfikia binti. Alipanda, akashikilia kidogo, kisha sauti ikapasuka. Watoto waliokaa mbele wakacheka. Akajaribu tena, ikatoka pumzi tupu. Akabaki amesimama, mdomo wazi, mpaka tulipodaka kiitikio.

Ibada ilipoisha alinifuata nje, kwenye magunia ya mahindi ya sadaka. Hakuwa analia.

“Mama, umeanzia juu makusudi.”

“Anayeimba sauti ya kwanza hachagui pa kuanzia,” nikamjibu.

Akasema alishamwomba mwalimu tugawane sehemu ile, mimi nianze, yeye amalizie, na mwalimu akakataa. Nikamwambia asinidanganye.

Hakurudi tena kwenye kwaya. Nilipomuuliza mwalimu, akasema ni kweli, binti aliomba, tena zaidi ya mara moja. Halafu akanirudishia sehemu yangu kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Mavuno yaliyofuata niliimba, wimbo tukiwa tumeushusha mno hata wanaume wa besi wakawa wananguruma tu. Hakuna aliyenipongeza.

Binti huwa namwona sokoni. Ananipita bila shikamoo, akiniangalia usoni. Sijawahi kumwomba radhi, na kila nikimwona bado naudhika.